Prosesa Isiyoanguka: Mnunuzi Atazame Nini Kati ya Intel na AMD

Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2024, wacheza gemu waliomiliki kompyuta za bei mbaya kuliko zote sokoni walikuwa wanalalamikia ujumbe mmoja wa ajabu. Gemu inafunguka, inaanza kuandaa picha zake, kisha inajifunga ghafla na kudai kwamba kumbukumbu ya video imekwisha. Kadi ya picha ina gigabaiti 24 na sehemu kubwa iko tupu. Mwenye mashine anabadilisha draiva, anasakinisha Windows upya, wengine wanarudisha kadi dukani na kupewa nyingine, lakini ujumbe ni uleule. Kadi ilikuwa inasingiziwa. Iliyokuwa inaharibu mambo ni prosesa, tena si prosesa ya hovyo: Core i9-13900K na i9-14900K, kilele cha kile Intel ilichokuwa inauza kwa ajili ya kompyuta za mezani.

Inafaa kuelewa kwa nini gemu ndizo zilizotangulia kuanguka, maana ujuzi huo utamfaa mnunuzi atakaposimama dukani kupima mashine. Gemu nyingi zilizojengwa kwa Unreal Engine huhifadhi data ikiwa imebanwa, na kazi ya kuifungua hufanywa na prosesa. Kazi hiyo haisamehi. Katika video, biti moja ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja, mtazamaji ataona doa dogo la rangi au asione kitu. Katika faili iliyobanwa, biti hiyohiyo moja hufanya kila kinachofuata kisomeke kombo. Programu inakagua hesabu zake, inakuta haziwiani, inajifunga. RAD Game Tools, watengenezaji wa Oodle, programu inayofungua data hiyo katika gemu nyingi, walitoa tangazo kwamba kosa halimo kwao wala kwenye gemu bali limo kwenye mashine. Aprili 2024 Nvidia nayo ikawaelekeza wateja wenye ujumbe huo wakaulize Intel.

Swali la zamani la "Intel au AMD?" likabadilika sura. Kwa miaka mingi lilikuwa swali la kasi na bei, na likigusa uthabiti, jibu la vijiweni lilikuwa limekwishatolewa: Intel ndiyo ya kuaminika, AMD ni ya wanaopenda kujaribu. Jibu hilo halina msingi tena, na kwa kweli halikuwahi kuwa na msingi imara kiasi hicho. Kompyuta inayorenda video kwa dakika 20 badala ya 25 haina faida yoyote ikianguka dakika ya 19.

Mwanzoni lawama ziliangukia madabodi, na kwa kiasi fulani ilikuwa haki. Intel imeiwekea i9-14900K kikomo cha wati 253. Watengenezaji wengi wa madabodi walikuwa wanaziuza zikiwa zimepangwa kwa kikomo cha wati zaidi ya 4,000, namba yenye maana moja tu: chukua umeme kadiri utakavyo. Walikuwa na sababu zao. Madabodi hupangwa madaraja kwa majaribio ya kasi, na anayeifunga prosesa breki mapema anashika mkia kwenye orodha. Intel ikataka mipangilio irudi kwenye vipimo vyake, BIOS mpya, yaani programu za msingi za madabodi, zikatoka, wengi wakadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Julai 2024 chaneli ya Level1Techs ilionyesha data ya seva za gemu zilizotumia prosesa hizohizo juu ya madabodi za W680, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya seva na kompyuta za kazi na hazina mtindo wa kuichochea prosesa kupita kiasi. Nazo zilikuwa zinaanguka. Mwezi huohuo Alderon Games, watengenezaji wa gemu ya Path of Titans, wakatangaza kwamba wanahamisha seva zao kwenda AMD. Hapo hoja ya kwamba ni madabodi peke yake ikafa.

Tarehe 22 Julai 2024 Intel ilianza kueleza kisa chenyewe. Ndani ya kila prosesa kuna programu ndogo, maikrokodi, inayoamua pamoja na mambo mengine ni volti kiasi gani ziombwe kutoka kwenye madabodi. Maikrokodi ya kizazi cha 13 na cha 14 ilikuwa inaomba volti kubwa kuliko inavyostahili. Volti hiyo, ikiungana na joto, ilikuwa inachakaza sehemu ya saketi inayopeleka mapigo ya saa ndani ya kila kiini. Saketi ikichakaa, inahitaji volti kubwa zaidi kufanya kazi ileile iliyokuwa inaifanya ilipokuwa mpya. Siku inafika ambapo volti inayoletwa haitoshi, na hesabu zinaanza kukosewa. Hii ndiyo sababu mashine nyingi zilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, zikapita majaribio yote, kisha zikaanza vituko. Mwenye mashine hakuwa amebadilisha chochote; prosesa ndiyo iliyokuwa imezeeka kabla ya wakati wake.

Dawa ilikuja kwa awamu. Agosti 2024 ilitoka maikrokodi 0x129, inayopokewa kupitia BIOS mpya na inayozuia prosesa kuomba zaidi ya volti 1.55. Septemba ikafuata 0x12B. Mei 2025 ikaja 0x12F, kwa ajili ya mashine zinazoachwa zikiwaka siku nyingi mfululizo huku zikifanya kazi nyepesi. Ofisi yenye kompyuta inayolala ikiwaka kwa sababu tu ndiyo yenye printa iko katika kundi hilo, hata kama hakuna anayecheza gemu hapo. Ila lipo jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: maikrokodi inazuia uchakavu, haiuponyi. Prosesa iliyokwisha kuumia haitengemai kwa BIOS mpya, inabadilishwa.

Mpenzi wa AMD asishangilie mapema.

Aprili 2023, wiki chache baada ya Ryzen 7 7800X3D kuingia sokoni, picha zilianza kuzagaa za prosesa zenye tumbo lililovimba na soketi zilizoungua. Chanzo kilikuwa volti pia. Mtu akiwasha EXPO, mpangilio wa kuharakisha RAM, baadhi ya madabodi zilikuwa zinapandisha volti ya sehemu ya prosesa inayozungumza na RAM kupita kiasi. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Mwaka 2025 zikaja taarifa za Ryzen 7 9800X3D kufa ghafla, nyingi zikiwa juu ya madabodi za ASRock, na BIOS mpya zikatoka tena. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 2017 Ryzen za kwanza ziliwasumbua watumiaji wa Linux waliokuwa wanakompaili programu kubwa, hadi AMD ikakubali kuwabadilishia prosesa. Mwaka 2021 vifaa vya USB vilikuwa vinapotea na kurudi kwenye baadhi ya madabodi zake. Mwaka 2022 kompyuta zilikuwa zinakwama kwa sekunde kadhaa kwa sababu ya sehemu ya usalama inayohitajiwa na Windows 11. Hayo mawili ya mwisho yalitibiwa kwa BIOS na hayakuua prosesa ya mtu, na hapo ndipo yanapotofautiana na kisa cha Intel.

Visa hivi vina uzi mmoja, na uzi huo una umri wa zaidi ya miaka 20. Machi 2000 AMD iliitangulia Intel kwa siku mbili tu kufikisha gigahezi 1. Intel, isiyozoea kushika nafasi ya pili, ikakimbilia kutoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Wachunguzi wakakuta haiwezi kumaliza kukompaili Linux bila kuanguka, na Agosti mwaka huohuo kampuni ikaiondoa sokoni. Kati ya mwaka 2022 na 2024 mbio zilikuwa zilezile: i9-14900K ilifikishwa gigahezi 6.0 na ndugu yake ya KS gigahezi 6.2, wakati prosesa ya ngazi ya kati ya kizazi hichohicho ilikuwa inafanya kazi za watu wengi bila jasho. Prosesa ya kilele huuzwa ikiwa imeshakamuliwa tone la mwisho. Haina akiba ya kumeza volti mbovu, joto la chumba au feni iliyojaa vumbi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayetafuta uthabiti haumtaji Intel wala AMD. Ashuke ngazi moja au mbili kutoka kileleni. Prosesa za wati 65, kama Ryzen 5 5600, Ryzen 7 7700, Ryzen 7 9700X au Core i5-12400, zimeachiwa nafasi ya kupumua. Tofauti ya kasi kati yake na za kilele inaonekana kwenye michoro ya majarida. Kwenye kazi ya uhasibu, usanifu wa mabango, kuandika programu au kuhariri video ya harusi, ni dakika chache kwa siku.

Ushahidi kwamba mipangilio ina uzito kuliko chapa ulitoka Agosti 2024. Puget Systems, wajenzi wa kompyuta za kazi katika jimbo la Washington, Marekani, walichapisha rekodi zao za miaka kadhaa. Wao wana desturi ya kufuata vipimo vya Intel na AMD kama vilivyoandikwa, bila kuziachia madabodi zijiamulie. Rekodi zao zilionyesha kwamba prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walizouza zilikuwa zimeharibika kwa kiwango kidogo kuliko Ryzen 5000 na 7000, na iliyoongoza kwa ubovu ilikuwa Intel ya kizazi cha 11, ambayo mitandao haikuipigia kelele hivyo. Hata hivyo hawakujiaminisha: waliwaongezea wateja wa prosesa zilizoguswa muda wa dhamana. Ndivyo anavyofanya mtu anayejua kusoma takwimu zake mwenyewe.

Baada ya prosesa, pesa iangalie RAM. Fundi mwaminifu atakiri kwamba sehemu kubwa ya "prosesa mbovu" anazoletewa ni RAM iliyopangwa vibaya. Vijiti vinavyoandikwa DDR5-6000 kwenye boksi havianzi kwa kasi hiyo. Vinaifikia pale mtu anapowasha XMP au EXPO, na kwa kampuni zote mbili huko ni kuipeleka prosesa nje ya vipimo vyake. Ryzen 7000 imethibitishwa kwa DDR5-5200 tu, Ryzen 9000 na Intel za juu za kizazi cha 13 na 14 kwa DDR5-5600. Mbaya zaidi ni kujaza nafasi zote nne. Ryzen 7000 ikiwekewa vijiti vinne vya DDR5, kiwango kilichothibitishwa kinashuka hadi 3600. Mnunuzi anayetaka gigabaiti 64 anunue vijiti viwili vya 32 tangu siku ya kwanza, badala ya viwili vya 16 leo na viwili vingine mwakani kutoka duka jingine.

Hata wakubwa wameonja. Oktoba 2022 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alijikuta anasumbuka na programu zinazoanguka bila mpangilio kwenye kompyuta yake ya AMD Threadripper, akidhani ni hitilafu za toleo jipya la Linux lenyewe. Ilikuwa kijiti cha RAM. Kompyuta yake haikuwa na RAM ya aina ya ECC, inayojikagua na kujisahihisha. Anayehifadhi hesabu za kampuni au mafaili ya hospitali afikirie ECC. Katika Intel za kizazi cha 12 hadi 14 itamlazimu anunue madabodi ya W680, ambayo si rahisi kuipata. Kwa Ryzen, baadhi ya madabodi za kawaida zinaikubali, ila mtengenezaji wa madabodi awe ameandika hivyo wazi kwenye ukurasa wa vipimo. Neno la muuzaji pekee halitoshi.

Joto nalo lina sehemu yake, na hapa wakazi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wana sababu ya kusikiliza kuliko watu wa Berlin. Julai 2025, wakati mawimbi ya joto yalipoipiga Ulaya, mhandisi wa Mozilla, Gabriele Svelto, alieleza kwamba ripoti za Firefox kuanguka zilikuwa zinaongezeka kutoka kwenye mashine za Intel za kizazi cha 13 na 14, kiasi kwamba aliweza kukisia ni nchi zipi zina joto kali kwa kutazama ripoti hizo tu. Joto lililowashangaza Wazungu ndilo hali ya kawaida ya chumba kisicho na kiyoyozi pwani ya Afrika Mashariki mwezi Februari. Prosesa ya wati 65 yenye feni nzuri ya kawaida itaishi humo. Ya wati 253 itahitaji kipozeo kikubwa, boksi linalopitisha hewa, na mtu wa kufuta vumbi kila baada ya miezi michache. Pasipo mtu huyo, isinunuliwe.

Kisha umeme wenyewe. Lebo ya 80 Plus inayobandikwa kwenye pawasapulai, iwe ya shaba au ya dhahabu, inaeleza umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haisemi lolote kuhusu uimara wa volti inayofika kwenye prosesa. Pawasapulai isiyo na jina, nyepesi mkononi kama boksi tupu, imeshazipa prosesa nyingi sifa mbaya zisizo zao. Zipo hata kompyuta zinazoganda zikiwa hazifanyi kitu: prosesa inalala, inahitaji umeme kidogo mno, na pawasapulai ya zamani inashindwa kuhimili kiwango hicho kidogo. Kwa Ryzen, BIOS nyingi zina kipengele cha kuzuia usingizi huo mzito, na mara nyingi hapo tatizo linaisha bila kununua kitu.

UPS yenye stabilaiza ndani yake si anasa kwa yeyote anayejali uthabiti. Ina kazi ya pili ambayo wengi hawaikumbuki: dawa ya mengi ya matatizo yaliyotajwa hapa, ya Intel na ya AMD, hupitia kwenye BIOS, na umeme ukikatika katikati ya kubadilisha BIOS, madabodi inaweza isiwake tena. Mnunuzi wa mjini kwenye mgao wa umeme achague madabodi yenye kitufe cha kurejesha BIOS kutoka kwenye flashi, kinachofanya kazi hata mashine ikiwa haiwaki. Bei inapanda kidogo. Inastahili.

Anayenunua mashine iliyotumika, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa rafiki anayeuza ili anunue mpya, anahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa prosesa iliyochakaa haina alama ya nje. Core i9-14900K iliyoteswa mwaka mzima kwa BIOS ya zamani inang'aa sawa na ile isiyoteswa, na mwenye nayo anaweza kuwa anaiuza kwa sababu hiyohiyo. Msimamo wa makala hii ni mkali: i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14, pamoja na i5-13600K na i5-14600K, zisinunuliwe zikiwa zimetumika bila dhamana inayoweza kuthibitishwa, hata bei ikivutia vipi. Anayetaka soketi hiyohiyo achukue kizazi cha 12, ambacho hakikuguswa na tatizo hilo. Core Ultra 200S, iliyotoka Oktoba 2024, nayo haimo.

Kwa Ryzen za soketi ya AM4, macho yaende chini ya prosesa. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na fundi akiing'oa feni kwa pupa mashine ikiwa baridi, prosesa hutoka nayo ikiwa imenasa kwenye pesti iliyokauka, pini zikapinda. Feni ya AM4 hutolewa mashine ikiwa imetoka kufanya kazi, kwa kuizungusha kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. AM5 na Intel pini zake ziko kwenye soketi ya madabodi, kwa hiyo huko ndiko kwa kumulika kwa tochi.

Vipimo vya dukani havihitaji utaalamu. Mnunuzi aje na flashi yenye faili kubwa iliyobanwa, gigabaiti kadhaa, aifungue mara tatu au nne mfululizo kwa 7-Zip. Ikitokea hata mara moja kwamba faili ni mbovu wakati mara nyingine imefunguka, aiache mashine hapohapo. Dalili iliyowatangulia waathirika wengi wa mwaka 2024 ilikuwa draiva ya Nvidia kukataa kusakinishwa, kwa sababu nayo husafirishwa ikiwa imebanwa. Nusu saa ya OCCT au y-cruncher, programu za kuitesa prosesa, inafuata, huku joto likitazamwa kwenye HWiNFO; programu hiyohiyo inaonyesha toleo la maikrokodi. RAM inapimwa na MemTest86, ila hiyo inataka usiku mzima, hivyo mapatano ya kurudisha mashine ndani ya siku chache yaandikwe kwenye risiti kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kama mashine bado ina Windows ya mwenyewe, historia yake ipo humo. Kwenye kisanduku cha kutafutia aandike perfmon /rel, na mchoro utatokea unaoonyesha, siku kwa siku, ni lini programu zilianguka. Msalaba mwekundu mmoja kwa mwezi ni maisha ya kawaida. Misalaba mitatu kila siku, kwenye programu tofauti zisizohusiana, ni mashine inayoumwa. Ndani ya kumbukumbu za mfumo kuna majina mawili ya kuyajua. Kernel-Power 41 inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Katika nyumba isiyo na UPS inaweza kuwa umeme umekatika, hivyo isichukuliwe kuwa ushahidi dhidi ya prosesa. WHEA-Logger ni habari nyingine. Namba 18 chini ya jina hilo ni prosesa yenyewe ikiripoti kosa lililoiangusha, na namba 19 ni kosa lililosahihishwa. WHEA nyingi kwenye mashine ambayo haijachokonolewa ni sababu tosha ya kumwambia muuzaji kwaheri.

Kwa ofisi ndogo, kwa duka la huduma za intaneti, kwa shule, ushauri ni wa kuchosha kidogo: kompyuta za kiofisi zilizotumika za Dell OptiPlex au HP EliteDesk zinatosha. Madabodi zake hazina vitufe vya kuongeza kasi, prosesa zake ni za wati 65 au 35, na BIOS zake huchapishwa kwa miaka mingi. Lakini zianzie kizazi cha 8 cha Intel au Ryzen 2000 zisizo za herufi G, kwa sababu Windows 11 haizikubali za chini ya hapo na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mhariri wa video au msanifu anayenunua vipya aende AM5 na prosesa ya wati 65, asubiri miezi mitatu au minne baada ya toleo jipya kutoka, na asishtuke mashine ikikaa dakika kadhaa na skrini nyeusi siku ya kwanza: inaizoea RAM ya DDR5, na hiyo haijawahi kuwa hitilafu. Anayehitaji Intel kwa sababu ya programu fulani aende Core Ultra 200S. Mcheza gemu mwenye pesa za kutosha anunue Ryzen ya X3D bila hofu, ila BIOS iwe ya karibuni kabla ya kugusa EXPO, na volti zisichezewe kwa kufuata video za mtandaoni.

Dhamana ndiyo mahali pa kutengana kwa maduka. Prosesa ya boksi hudaiwa kwa kampuni yenyewe. Prosesa ya trei, ile inayouzwa kwenye kijifuko cha plastiki kwa bei nafuu kidogo, hudaiwa kwa aliyeiuza, na iliyokuja ndani ya kompyuta ya Dell au HP hudaiwa kwa Dell au HP. Muuzaji anayesema "dhamana ipo" aulizwe ni ya nani, ya muda gani, na inadaiwa wapi. Namba iliyochapwa juu ya prosesa ilinganishwe na iliyo kwenye boksi kabla pesti haijaifunika.

Aliye tayari na kizazi cha 13 au 14 ana la kufanya wiki hii. Aangalie toleo la maikrokodi. Likiwa chini ya 0x12F, apakue BIOS mpya kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi na kuiweka mashine ikiwa kwenye UPS. Likiwa sawa lakini programu bado zinaanguka ovyo, asipoteze muda kusakinisha Windows mara ya tano, adai prosesa nyingine. Agosti 2024 Intel iliongeza miaka miwili juu ya dhamana ya mitatu kwa prosesa za boksi zilizoguswa, hivyo iliyonunuliwa Oktoba 2022, mwezi kizazi cha 13 kilipoingia sokoni, dhamana yake inaishia Oktoba 2027, na tarehe hiyo huhesabiwa kutokana na risiti.